Kalsiamu Aliyonyimwa Narayani

Tanuru la chokaa la Pushkaran lilikuwa nyuma ya nyumba, hatua thelathini kutoka ziwani, na kila kilicholizunguka kilikuwa cheupe. Minazi ilikuwa myeupe mpaka kimo cha mtu. Nguo zilizoanikwa zilikuwa nyeupe hata zile nyekundu. Kunguru walioshuka kuokota dagaa waliruka wakiacha nyayo zao kwenye unga, na upepo ukija kutoka ziwa hilo la Vembanad ulizifuta polepole.

Baba yake alichoma makome ya ziwani hapo kupata chokaa hadi alipofariki, lakini aliyeijua chokaa kuliko wote alikuwa mama yake, Narayani. Makome yakishaiva kwa makaa na vifuu hutolewa, yakamwagiwa maji. Hapo huvimba, hufuka mvuke, hupasuka na kulegea kuwa unga. Wengine hubahatisha. Narayani aliinamisha sikio juu ya rundo, akasikiliza linavyonong'ona, kisha akasema, "Bado," au, "Haya, chekecheni." Wenye mashamba ya mpunga walivuka maji kuja kutafuta chokaa ya Narayani, na ukiwaletea ya mtu mwingine waliitambua kwa kuisugua tu vidoleni.

Ugonjwa ulimjia kama ziwa linavyopanda wakati wa mvua: huyaoni maji yakipanda, unaona tu ngazi za kuogea zimepungua. Kwanza yalimtoka majina ya wateja. Kisha akaanza kutia chumvi kwenye chai na kumlaumu mkwe wake, Ambika, mke wa Pushkaran. Siku moja Pushkaran alimkuta ameinamia chokaa iliyokwisha poa tangu juzi, anasikiliza.

"Amma, hiyo imeshalala."

"Basi nyamaza," mama yake akamwambia. "Utaiamsha."

Alikuwa na miaka sitini na tisa. Daktari wa mjini Alappuzha aliandika neno moja refu, Alzaima, akawapa miadi ya miezi sita.

Pushkaran alikuwa na dada mmoja, Srilekha, mdogo wake kwa miaka tisa. Chokaa ndiyo iliyomsomesha. Sasa alifanya kazi katika maabara ya ubongo huko Tiruvanantapuram, mji mkuu wa jimbo lao la Kerala, na watu wa Muhamma, kijiji chao, walipenda kusema kwamba mama anapoteza akili huku binti anazitafuta kule. Walidhani ni mzaha. Pushkaran hakuwahi kuucheka.

Alasiri moja ya Machi, joto likiwa limelala juu ya ziwa kama blanketi, alimpigia simu.

"Lekha, hebu niambie kwa lugha ya watu. Amma anaugua nini hasa?"

"Si nilikwambia, Chetta? Alzaima." Alimwita Chetta, kaka, tangu alipojifunza kusema.

"Hilo ni jina. Hata mbu ana jina. Nakuuliza kinachomla."

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa mashine na viatu vya watu wakipita. "Yapo mengi yanayomla," Srilekha akasema. "Mimi hapa nashughulika na moja, kalsiamu. Inaingia ndani ya seli za ubongo, inajaa kupita kiasi, seli inashindwa kuitoa, mwishowe inakufa."

"Kalsiamu ipi?"

"Kalsiamu ni kalsiamu, Chetta. Hiyo hiyo unayoichoma hapo nyuma ya nyumba." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Ngoja, naitwa. Nitakupigia."

Hakupiga siku ile. Kesho yake walipoongea ilikuwa habari ya harusi ya binamu yao, na Pushkaran hakuuliza tena, kwa sababu aliona amekwisha jibiwa.

Alibaki amesimama na simu mkononi akilitazama tanuru. Moshi ulikuwa ukipanda umenyooka. Akamwona mama yake kama alivyokuwa zamani, wakati Pushkaran mwenyewe ana miaka saba: kikapu kichwani, kope nyeupe, nyusi nyeupe, akitoka ndani ya wingu la unga kama mtu anayezaliwa humo. Akamwona anapumua. Akaona ule unga unaingia puani na masikioni, unatua ndani ya kichwa polepole kama unavyotua juu ya majani ya migomba, siku baada ya siku, miaka arobaini, mpaka njia zote za humo ndani zimefukiwa na mtu anayezipita hajui tena kwake ni wapi.

Na aliyekuwa akiuchochea moto siku zote hizo ni nani, kama si yeye na baba yake?

Jioni ile alilizima tanuru. Asubuhi aliwaambia wafanyakazi waende zao mpaka atakapowaita. Mzee Kuttappan, aliyekuwa akipakia vifuu tangu enzi za marehemu, alijifunga upya shuka yake kiunoni na kuuliza, "Chokaa imekosa nini?"

"Inakula ubongo."

"Mimi nimeivuta miaka thelathini, na nakumbuka kila tusi alilonitukana baba yako. Nianze la kwanza?"

Pushkaran hakutaka kuyasikia. Akaingia jikoni. Maziwa ya asubuhi aliyokuwa akinywa mama yake akayakatisha. Uji wa ulezi, ambao kila mtu alisema una kalsiamu nyingi, akausimamisha, na dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao pia. Vile vidonge vyeupe ambavyo Narayani aliandikiwa mwaka juzi kwa ajili ya mifupa alivichukua na kopo lake, akashuka nalo hadi ngazi ya mwisho, akavimwaga ziwani. Vilizama vikiyumba, kimoja kimoja, kama vigamba.

Ambika alikuwa amesimama mlangoni na mbuzi ya kukunia nazi mkononi. "Daktari ndiye aliyesema?"

"Lekha."

"Lekha alisema tumnyime mama maziwa?"

"Alisema kalsiamu."

"Kalsiamu nimesikia. Nauliza, alitaja maziwa?"

"Wewe ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"Lile lile ulilofeli," akasema Ambika, akarudi kukuna nazi. Lakini hakumpigia wifi yake simu kuuliza. Baadaye alisema aliona aibu kuonekana anamchongea mumewe, na kwamba jambo hilo lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki.

Kilichokuwa kigumu ni tambuu. Narayani alitafuna tambuu kila baada ya chakula, na tambuu bila chokaa si tambuu. Pushkaran alimkunjia jani mwenyewe, akatia popoo, akampa. Mama akatafuna kidogo, akatema kwenye kiganja na kukitazama alichokitema.

"Hili jani la mbuzi," alisema. "Nani kakuajiri wewe?"

"Amma, ni mimi."

"Mwambie mwenye nyumba nimesema chokaa imekwisha."

Alisema hivyo kila siku kwa muda wa wiki tatu, kisha akaacha, na Pushkaran akafurahi kwamba ameacha.

Tanuru lilipoa. Mvua za Juni zikaja, zikaiosha minazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Pushkaran aliona rangi halisi ya ua wa nyumba yao, kahawia iliyoiva, kama ya mkate. Alikuwa akienda kufanya kibarua cha kupakia mchanga na kurudi mchana. Wakati mwingine alimkuta mama yake ameketi barazani akiitazama mvua, midomo ikicheza. Alikaa karibu naye, wakaitazama pamoja. Ziwa na mbingu vilikuwa rangi moja, hujui mashua zilizopita mbali zimeelea wapi, majini au hewani.

Siku moja ya Septemba, Narayani aligeuka akamtazama vizuri. "Pushku," akasema, jina ambalo hakuna mtu aliyemwita tangu alipoota ndevu. "Umekula?"

"Nimekula, Amma."

"Mwongo. Tumbo limekuingia ndani."

Pushkaran alitoka nje, akasimama kwenye mvua ili asionekane analia. Alijiona kama mtu aliyekuwa akikausha kisima kwa kikombe, na leo ameuona udongo wa chini. Inafanya kazi, alijiambia. Inatoka. Tangu siku ile hata chai ya mama ilikuwa ya rangi, na mtindi ulikuwa haumfikii.

Novemba, asubuhi ya saa moja na nusu, Narayani alitoka peke yake kuelekea kwenye tanuru. Kulikuwa na ngazi moja tu ya kushuka, ya kimo cha tofali. Ambika alikuwa akifagia. Alisema hakukuwa na kishindo. Mama aliketi chini tu, kama mtu aliyeamua kupumzika, na ndipo yeye Ambika akasikia kitu kimekatika, kwa sauti ndogo kavu, kama kijiti ndani ya mfuko.

Ilikuwa nyonga. Walimpeleka Tiruvanantapuram, kwa kuwa Srilekha aliwajua madaktari wa huko. Daktari wa mifupa, mama mmoja mwenye miwani shingoni, aliiweka picha ya eksirei mbele ya taa. Mfupa ulionekana kama ukungu. Mahali ambapo ungetarajia weupe palikuwa na kijivu chepesi ambacho mwanga ulipita ndani yake.

"Mifupa imekonda kuliko umri wake," daktari akasema. "Vidonge vya kalsiamu alikuwa anameza?"

"Ndiyo, kila siku," akajibu Srilekha. "Siyo, Chetta?"

Pushkaran aliitazama sakafu. Ilikuwa na vigae vyeupe. Alivihesabu mpaka daktari akaondoka.

Alimwambia dada yake nje, kwenye kibanda cha chai kando ya lango la hospitali, watu wakiwapita na chupa za uji na mashuka. Alimweleza yote bila kuruka: maziwa, ulezi, dagaa, tambuu, vidonge vilivyozama. Srilekha alisikiliza huku chai yake ikipoa na utando ukitanda juu.

"Nani alikwambia ufanye hivyo?" aliuliza hatimaye.

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema kalsiamu inajaa ubongoni inaua. Nikakuuliza ipi. Ukasema ile ile ninayoichoma."

 Pushkaran alimwona dada yake akirudi nyuma kwenye ile alasiri, akilitafuta neno moja moja. Alipolipata, uso wake ulibadilika.

"Nilikuwa natania," akasema.

"Sikujua ni utani. Wewe ndiye msomi."

"Na wewe ni mtu mzima. Huwezi kupiga simu ukauliza? Miezi minane, Chetta. Miezi minane unamnyima mgonjwa maziwa, halafu tunaongea kila Jumapili, nakuuliza Amma anakula, unanijibu anakula."

"Alikuwa anakula."

"Usinichezee."

"Lekha, alinijua. Mwezi wa tisa aliniita Pushku. Wewe ungeacha, kama ungekuwa mimi? Ungethubutu kumrudishia maziwa?"

 Dada yake aliinywa ile chai baridi yote kwa mkupuo mmoja, akakiweka kikombe. "Ningekueleza dakika tano tu," akasema, si kwa hasira tena. "Nilikuwa na dakika tano. Nilikwenda kula."

Siku mbili baada ya upasuaji, mama akiwa amelala na Ambika yuko naye, Srilekha alimpeleka kaka yake maabara. Ilikuwa mchana, jua kali, lakini alipomwingiza ndani ya chumba chake alifunga pazia jeusi na mchana ukaisha. Alimketisha kwenye kiti cha kuzunguka mbele ya skrini.

"Hizi ni seli za ubongo wa panya," alisema. "Ziko hai, kwenye kisahani. Nimezitia rangi ambayo hung'aa kalsiamu ikiingia. Usiseme kitu. Tazama tu."

Mwanzoni Pushkaran hakuona ila giza lenye chembe za kijani hafifu. Kisha moja ikawaka, ikazima. Nyingine mbali nayo ikawaka, kana kwamba imejibu. Kisha tatu pamoja. Zikawa zinawaka na kuzima, huku na kule, bila mpango na bila haraka, na yeye akahisi yuko juu ya maji mengi, anatazama chini, na humo ndani kuna mji ambao watu wake wanafungua madirisha na kuyafunga, wakiitana.

"Kila ukiona mwanga, kalsiamu imeingia," sauti ya Srilekha ilisema kando yake. "Inaingia kidogo sana, inapeleka habari, inatolewa mara moja. Bila hiyo hakuna kukumbuka. Hapo ndipo Amma alipolihifadhi jina lako."

"Kumbe inatakiwa."

"Inatakiwa. Sasa hiki kingine."

Alibadilisha kisahani. Hapa seli zilikuwa zimewekewa ule uchafu wa protini unaojikusanya kwenye ubongo wa wagonjwa. Ziliwaka kama zile za kwanza, lakini hazikuzima. Zilibaki zimewaka, mwanga mmoja mzito, kijani kilichotuama. Moja ilizidi kung'aa, ikavimba, kisha ikatoweka, na mahali pake pakabaki shimo jeusi. Pushkaran alijikuta ameushika ukingo wa meza.

"Mlango umeharibika," dada yake akasema. "Kuna ghala ndani ya seli linalohifadhi kalsiamu, nalo linavuja. Na mlango wa nje haufungi sawasawa. Tatizo ni milango, Chetta, na milango haijui Amma amekunywa maziwa au hakunywa. Kalsiamu ya damu, mwili wenyewe unaipima. Ikipungua, unakwenda kuichukua kwenye mifupa."

 Zile taa zilizogoma kuzima zilimwangaza Pushkaran usoni.

"Kwa hiyo mwili ulikuwa unakula mifupa yake ili nisimwue kwa ujinga."

"Mifupa yake ilishaanza kuisha kabla yako. Wewe uliiongezea mwendo. Sitakudanganya."

"Na vumbi la tanuru?"

"Macho, ndiyo. Mapafu, ndiyo, vaeni vitambaa. Kwamba linaleta Alzaima, sijaona utafiti uliosema hivyo. Wapo wanaougua ugonjwa huu ambao hawajawahi kuishika chokaa. Jaji aliyestaafu hapo mtaani kwangu, amekaa kitini maisha yake yote."

Kisha akamwonyesha cha tatu. Seli zilikuwa zile zile zilizoharibiwa, ila hizi zilipewa dawa wanayoijaribu. Nyingi zilibaki zimewaka. Lakini chache, pembeni, zilififia, zikazima, zikapumzika, zikawaka tena. Pushkaran aliinama karibu na skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Mpe Amma hiyo."

"Hiki ni kisahani, kaka yangu. Amma si kisahani. Ikifanikiwa sana, itawafaa watu miaka ijayo, tukiwahi mapema. Yeye ana dawa ya kubana mlango mmoja kidogo, daktari ameshamwandikia. Haitarudisha kitu. Labda itachelewesha."

Alizima skrini. Walikaa gizani, watoto wawili wa mchoma chokaa, na Srilekha akaegemeza kichwa chake kwenye bega la kaka yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku walipouchoma mwili wa baba yao mazishini.

Narayani alirudi Muhamma mwezi wa Januari. Alitembea kwa fremu ya chuma, hatua sita hadi barazani, hatua sita kurudi. Maziwa yalirudi, uji wa ulezi ukarudi, na kila Jumapili Srilekha alimsomea kaka yake kwenye simu orodha ya vidonge, naye akamjibu kimoja baada ya kingine, kwa sauti. Ambika alisikiliza kutoka jikoni na kusema kwamba darasa alilofeli sasa analirudia.

Jambo moja lilimkera Pushkaran. Alikuwa amemwambia dada yake, amemwambia mkewe, amewaambia hata wafanyakazi aliowaita tena, na Kuttappan alimwambia kwamba mjinga ni mtu wa kawaida tu, amewaona wengi. Mwenyewe aliyekosewa hakuambiwa. Kwa hiyo mchana mmoja aliketi chini karibu na miguu ya mama yake, barazani. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Bata walikuwa wakipita katikati yake bila kulivunja.

"Amma, nina neno," akasema. "Nilikunyima maziwa. Nilikunyima na dawa. Nilidhani nakuponya, na kwa ajili hiyo ulivunjika. Nakuomba unisamehe."

Narayani alisikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha upande. Alimtazama mikono, kisha uso, na macho yake yalikuwa laini kama ya mtu anayemwonea huruma mgeni.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikujui. Nitakusamehe vipi? Maneno kama hayo kamwambie mama yako."

Pushkaran aliinama, akaigusa miguu yake.

"Yuko hai?" mama akauliza.

"Yuko hai."

"Basi nenda, usikawie. Atakuwa amekasirika, lakini mama hakai na hasira. Umwendee na kitu mkononi." Alifikiri kidogo. "Anapenda nini?"

"Tambuu," akasema Pushkaran.

"Mpelekee tambuu. Na utie chokaa, usimfanyie ubahili."

Aliinuka, akaingia ndani. Akachagua jani pana lisilo na doa, akalifuta kwa kiganja, akapaka chokaa kwa kidole, akatia popoo, akalikunja taratibu kwa namna aliyofundishwa utotoni. Kisha akatoka nalo barazani, akapiga magoti, na kumpa mama yake kwa mikono miwili.

Narayani alilipokea. Alilitia mdomoni, akatafuna macho yamefumbwa, na midomo yake ikaanza kuwa myekundu.

"Ni zuri," akasema baada ya muda. "Wewe mtoto wa nani?"

"Wako, Amma."

"Haya," akasema Narayani, kama mtu aliyeletewa habari njema asizozitilia shaka, akasogeza miguu yake kumpa nafasi ya kukaa.